Lugha ya Mapokezi katika Nyumba za Wageni za Kivu Kusini

Kazi ya mhudumu wa mapokezi kwa kawaida huelezwa kwa majukumu yanayoonekana: kumlaki mgeni, kumwandikisha, kumkabidhi ufunguo na kupokea malipo. Jukumu la kuchagua Kiswahili cha kusemea halitajwi. Makala haya yanalichunguza jukumu hilo katika Kivu Kusini, kwenye barabara ya taifa namba 5 itokayo Uvira, ikapita Luberizi katika uwanda wa Ruzizi na kupanda hadi Bukavu. Huko Bukavu baadhi ya nyumba za wageni zimo ndani ya majumba ya zamani ya walowezi wa Kibelgiji, yenye bustani kando ya Ziwa Kivu.

Nyumba za aina hiyo zina vyumba vichache, na mhudumu wa mapokezi huwa karani, mtunza fedha na mkalimani kwa wakati mmoja. Fomu ya wageni imeandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Mgeni asiyeisoma, awe mfanyabiashara wa Uvira au wa Kigoma, husomewa maswali kwa Kiswahili, na majibu yake huandikwa kwa Kifaransa.

Hata hivyo, Kifaransa hakileti matata makubwa, kwa kuwa kila mmoja anatambua kuwa ni lugha nyingine. Ugumu umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili cha Kongo, kuuza ni kununua. Anayetoa bidhaa ili apate fedha huuzisha. Mkongomani anayeuliza “Naweza kuuza mayi wapi?” ana kiu, ilhali Mtanzania aliyeketi karibu naye atamdhania mchuuzi. Neno yaya, ambalo mjini Bukavu ni la heshima kwa kaka au dada mkubwa, kwa mama aliyetoka Dar es Salaam lina maana ya mtumishi anayelea watoto. Mhudumu anayemlaki kwa “Jambo, yaya” amemheshimu kwa kipimo cha Bukavu. Mgeni amesikia salamu wanayopewa watalii, ikifuatwa na cheo cha kijakazi. Mgeni huyo naye, akingoja “shikamoo” kutoka kwa kijana, huenda akangoja sana.

Ndiyo maana mhudumu mzoefu husikiliza kwanza. Sentensi moja ya mgeni humtosha: “niko mwalimu” ni ya Kongo, “mimi ni mwalimu” yaelekea upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kisha hurekebisha usemi wake, na akimgeukia mlinzi wa lango hurudi katika Kiswahili cha mtaani. Wanaisimu wamelishughulikia zaidi tabaka hili la mwisho: Didier Goyvaerts alichapisha mwaka 1988 makala kuhusu Indubili, usemi mseto wa Bukavu. Usemi wa adabu wa mezani, unaobadilika ndani ya dakika moja, haujapata nafasi inayoustahili.

Hesabu ya saa nayo ina mtego wake. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Mgeni wa Kigoma ambaye hajairekebisha saa yake, akiomba aamshwe saa kumi na moja alfajiri, ataamshwa wakati saa hiyo inaonyesha saa kumi na mbili. Aidha, ombi hilo huingizwa katika daftari la zamu kwa mtindo wa Kifaransa, yaani saa 5. Karani mgeni wa kazi akiandika 11, basi la asubuhi limekwisha kwenda.

Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na benki za mji zikafunga milango. Fedha taslimu zikawa na uzito mpya, hasa dola, ambazo katika Kongo hukataliwa zikiwa na mpasuko hata mdogo. Kumrudishia mgeni noti yake bila kumfanya ahisi anashukiwa ni kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Vivyo hivyo swali la fomu kuhusu mgeni anakotoka na anakokwenda. Zamani lilijazwa bila kufikiriwa. Katika mazingira ya vita laweza kusikika kama la mpelelezi. Mhudumu anayelitanguliza kwa “pole na safari” na “samahani, papa” amempa mgeni nafasi ya kujibu kwa ufupi.