Dakika ishirini za angani

Kutoka Magogoni, jijini Dar es Salaam, pantoni huvuka kwenda Kigamboni kwa dakika chache tu. Zanzibar ni safari nyingine. Boti ya kasi hutumia kama saa mbili, ndege dakika 20 hivi.

Hesabu ni rahisi. Kwa njia ya anga ni takriban kilomita 75. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa ingemaliza kwa dakika 15. Zilizobaki huliwa na kupaa na kutua.

Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye marobota ya vitenge huongeza foleni ya Barabara ya Nyerere na ukaguzi wa mizigo uwanjani. Kwake boti, iliyo jirani na soko, mara nyingi ndiyo iliyo karibu zaidi.