Kuchomelea Alumini: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kumlipa Fundi

Mkazi anayepeleka bodi ya tela au kopo la maziwa la alumini katika karakana ya kawaida mara nyingi huambiwa kwamba kifaa hicho hakichomeleki. Jibu hilo si sahihi. Alumini huchomeleka vizuri, ila haikubali kutendewa kama chuma, na fundi anayeijaribu kwa pupa hukirudisha kifaa kikiwa kibovu kuliko kilivyokuwa.

Tabia mbili za alumini ndizo zinazoleta tabu. Uso wake hufunikwa na utando mwembamba wa oksidi unaoyeyuka katika nyuzi joto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Utando huo usipoondolewa, kilicho chini hugeuka uji kabla ya juu kushikana. Tena alumini haiwi nyekundu inapokaribia kuyeyuka. Fundi aliyezoea kuusoma moto kwa rangi hukosa dalili, na tundu hutokea ghafla.

Mashine ya waya inayotumika kwa chuma husukuma waya ndani ya kebo yenye urefu wa mita 3 hivi. Waya wa chuma hustahimili msukumo huo. Ule wa alumini ni laini, hivyo hujikunja njiani na kujisokota mithili ya kiota cha ndege, kazi ikasimama. Bunduki ya roli iliundwa kuondoa udhia huo. Roli ndogo ya waya, yenye uzito wa takriban nusu kilo, hufungwa kwenye bunduki yenyewe pamoja na mota yake, na waya husafiri umbali mfupi tu. Ni nzito mkononi na roli huisha upesi, lakini kwa karakana ndogo ni nafuu kuliko kununua mashine nyingine nzima, mradi mashine iliyopo iwe ya aina inayokubali kuunganishwa nayo.

Kabla ya kulipa, mwulize fundi anatumia gesi gani. Jibu liwe argoni tupu. Kaboni dioksidi, hata ikichanganywa na argoni kama ifanyikavyo kwa chuma, huacha mshono mweusi na dhaifu. Kisha tazama brashi yake: iwe ya chuma cha pua, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida, na mafuta yaondolewe kabla ya kupiga brashi, wala si baadaye. Kisafishaji cha breki chenye klorini kisitumike kamwe, kwa kuwa joto na mwanga wa kuchomelea huweza kugeuza mvuke wake kuwa fosjini, gesi inayoua.

Si kila kitu kipelekwe. Bunduki hii hufaa zaidi kwa alumini yenye unene wa milimita 3 na kuendelea; sufuria nyembamba itatobolewa tu. Ngazi iliyovunjika isichomelewe kisha ikapandwa, kwani joto hulegeza alumini iliyo kando ya mshono, na mshono wenyewe waweza kuonekana mzuri kabisa. Tangi lililowahi kubeba petroli laweza kulipuka hata likiwa tupu. Watoto nao wasisimame kutazama: alumini huakisi mwanga mkali unaounguza macho.

Vijana wenye ujuzi wa kuchomelea chuma wanaotaka kuongeza huduma hii katani wanaweza kujifunza katika vyuo vya VETA. Kwa upande wa vifaa, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachokusudia kuomba kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na katika andiko lake kihesabu pia gharama ya kujaza mtungi wa argoni, kwa maana bunduki isiyo na gesi haichomelei chochote.