Namba Isiyokuwa Namba

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sisi ulikuwa herufi moja tu!

Hapa Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri. Alasiri moja kama hiyo, mimi na wenzangu wa chama cha kompyuta tulikuwa tukikagua orodha ya matokeo. Programu yake tuliiandika kwa lugha ndogo tuliyoibuni wenyewe, ambayo kompaila yetu huigeuza kuwa baitikodi, yaani maagizo mafupi mafupi yanayotekelezwa na mashine ya Java. Lo! Mwenzetu aliyekuwa mgonjwa, asifanye hata karatasi moja, ameandikwa "amefuzu".

"Haki ya nani, hii kompyuta imehongwa?" akauliza mmoja. Tukacheka, ila mwenyewe hakucheka.

Kisa na maana? Alama zake zilikuwa 0.0, na karatasi 0.0. Ukigawanya sifuri kwa sifuri katika namba za desimali, kompyuta haikatai. Hutoa kitu kiitwacho NaN, maana yake "si namba". Kanuni za IEEE 754 za mwaka wa 1985 zasema NaN haiwi kubwa, ndogo wala sawa na namba yoyote. Hata yenyewe haijilingani. Kwa hivyo swali "wastani ni 50 au zaidi?" lapaswa kujibiwa "la".

Sasa tega sikio. Kwa desimali tulizotumia, mashine ya Java ina maagizo mawili ya kulinganisha: dcmpl na dcmpg. Yote hutoa 1 namba ya kwanza ikiwa kubwa, 0 zikilingana, na -1 ikiwa ndogo. Zinapokutana na NaN ndipo zinaachana: dcmpl hutoa -1, dcmpg hutoa 1. Kompaila yetu ilitumia dcmpg kila mahali. Basi ikatoka 1, mashine ikadhani ni kubwa, mwenzetu akafuzu!

Dawa ni hii: kwa "kubwa kuliko" na "kubwa au sawa", tumia dcmpl, kwa "ndogo kuliko" na "ndogo au sawa", tumia dcmpg. Hapo NaN huangukia "la" daima.

Tulipoirekebisha, programu ikaandika "ameanguka". Mwenzetu akatutazama. "Nimeanguka wapi na sikufanya?"

Alisema kweli. Kompaila ilikuwa sahihi, sisi bado. Tukaongeza swali kabla ya kugawanya: karatasi ni sifuri? Basi andika "hakufanya".

Ndugu msomaji, mashine hujibu ulichouliza tu. Ukiuliza vibaya, usiilaumu.