Lodwar hadi Kakuma: Barabara ya Upepo na Kibali

Anayetoka Kapenguria kwa baiskeli alfajiri huanza safari amevaa koti. Kabla jua halijapanda sana, msitu wa Kamatira umeshabaki nyuma, koti limefungwa kwenye keria na vidole vimeanza kuuma kwa kushika breki. Keshoye akiingia Lodwar atakuwa ameshuka kutoka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi mita 500 hivi, na ile baridi ya Kapenguria itamwia kama habari ya nchi nyingine.

Hii ni barabara kuu ya A1, inayoanzia Isebania mpakani na Tanzania na kuishia Nadapal mpakani na Sudan Kusini. Kipande cha Kitale hadi Lodwar kina takriban kilometa 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni nyingine 120 hivi. Wapenda baiskeli wanaozoea vilima vya Iten na mashamba ya chai ya Limuru bado hawajakifanya kuwa chao. Lakini ukitaka milima yenye misitu, bonde tulivu la ziwa na jangwa katika safari moja ya lami, hapa ndipo pa kwenda.

Kushuka si raha tupu

Kilometa 70 za kwanza baada ya Kapenguria ndizo zenye kijani. Milima ya Cherangani, mojawapo ya vyanzo vitano vikuu vya maji nchini, iko mkono wa kulia. Mbele, juu ya Ortum, Mlima Mtelo umesimama kwa zaidi ya mita 3,300. Barabara inashuka pamoja na Mto Muruny hadi kwenye mlango mwembamba wa Marich, na hapo hewa hubadilika ghafla.

Mteremko wa Kamatira unajulikana kwa ajali za malori yanayoshindwa na breki, kwa hiyo mwenye baiskeli hana budi kusikiliza kilicho nyuma yake kuliko kutazama mandhari. Milima yenyewe nayo haitulii. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi katika vijiji vya Pokot Magharibi. Watu zaidi ya 40 walifariki, madaraja yalisombwa na barabara ya kwenda Lodwar ikakatika.

Kati ya Marich na Kainuk kuna hatari nyingine, ya wizi wa mifugo na uvamizi wa barabarani. Serikali ilianzisha operesheni ya kiusalama katika eneo la Bonde la Ufa kaskazini mnamo Februari 2023, na hali imekuwa ya kupanda na kushuka. Hapa hakuna ushujaa wa kuonyesha. Msafiri hupita kituo cha polisi, huuliza hali ilivyo asubuhi hiyo, na akiambiwa apakie baiskeli kwenye gari hadi Lokichar, hupakia.

Samaki walioleta lami

Lami hii ina historia ya ajabu. Ilifika Turkana kwa sababu ya samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway ilifadhili barabara kutoka Kitale kupitia Lodwar, pamoja na kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson. Mawazo yalikuwa kwamba mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame angekuwa mvuvi, na samaki wake wangesafirishwa hadi mijini wakiwa na barafu.

Kiwanda hakikudumu. Umeme na maji safi ya kugandishia yaligharimu kuliko thamani ya samaki wenyewe, kisha ziwa likajivuta na ghuba ikakauka. Jengo likabaki. Barabara nayo ikabaki, na ikapata kazi ambazo hakuna aliyezipanga. Mwaka 1992 ilianza kupitisha malori ya misaada baada ya kambi ya Kakuma kufunguliwa kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Machi 2012 mafuta yakapatikana katika kisima cha Ngamia 1 karibu na Lokichar, na kuanzia Juni 2018 matangi ya mafuta ghafi yakawa yanapanda mlima uleule kuelekea Mombasa.

Wakati huo lami ya zamani ilikuwa imekufa. Madereva waliiacha na kupita mchangani kando yake, kwa kuwa mchanga ulikuwa na mashimo machache zaidi. Ujenzi mpya, uliofadhiliwa kwa kiasi kikubwa na mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2015, ndio uliofungua njia kwa magurudumu membamba. Samaki, misaada, mafuta, biashara na Juba: kila mara barabara hii imetumikia mzigo fulani. Baiskeli haikuwahi kuwa katika hesabu.

Upepo unaojua njia

Lodwar ni mji wa joto. Nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida, na mvua ya mwaka mzima huwa karibu milimita 200 tu. Mto Turkwel unaupa mji kivuli cha migunga na mikoma, ile mitende yenye matawi ambayo wanawake wa Turkana husuka majani yake kuwa vikapu. Anayetaka ziwa hukata kulia kuelekea Kalokol, kilometa 60 hivi, au Eliye Springs, mahali ambapo chemchemi za maji matamu hutoka chini ya mikoma hatua chache kutoka kwenye maji ya magadi.

Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaoyatoa. Ghuba iliyokauka wakati wa kiwanda cha Wanorway imejaa tena, na katika miaka ya karibuni maji yamepanda hadi kumeza majengo ya ufuoni. Njia ya huko ni tambarare na magari ni machache, isipokuwa malori ya samaki waliokaushwa.

Lakini kinachotawala baiskeli Turkana ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi mpana, na hewa inayotoka Bahari ya Hindi hubanwa humo ikapita kwa kasi kutoka kusini mashariki karibu mwaka mzima. Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Huvuma zaidi usiku wa manane hadi asubuhi, kisha hulegea mchana.

Sasa tazama ramani. Kakuma iko kaskazini magharibi mwa Lodwar. Anayeondoka Lodwar saa kumi na moja alfajiri husukumwa mgongoni katika saa zilezile ambazo jua bado halina makali. Akiwa na miguu ya wastani anaweza kuwa amemaliza sehemu kubwa ya safari kabla ya saa tano. Anayerudi hulipa deni lote: upepo usoni asubuhi, na ukilegea, jua linachukua zamu.

Mengine hufunzwa na barabara yenyewe. Chupa mbili za maji zinazotosha Limuru hazitoshi hapa, kwa sababu kati ya kituo na kituo kuna mwendo mrefu usio na duka. Mathenge, kile kichaka kilichopandwa miongo kadhaa iliyopita ili kuzuia jangwa, kimejaa kando ya lami, na mwiba wake hupenya tairi bila kuuliza bei. Anayetoka nje ya lami kupisha lori anapaswa kuwa na viraka na solusheni mfukoni. Na laga, mito mikavu inayokatiza njia, huweza kujaa maji anga ikiwa nyeupe kabisa, kwa kuwa mvua imenyesha milimani mbali. Wenyeji huketi na kungoja maji yapungue, na anayewaiga hufika.

Wanaoendesha kwa ajili ya chakula

Kakuma, msafiri mwenye baiskeli ya kisasa hukuta kwamba yeye ndiye mgeni wa mchezo huu. Kambi hiyo na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa miaka ya katikati ya 2010 zina takriban watu 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Kabla ya pikipiki kuenea, boda boda ya hapa ilikuwa baiskeli, kama ilivyoanza Busia miongo mingi iliyopita. Hadi leo Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, hubeba magunia ya nafaka kutoka vituo vya mgao, mitungi ya maji, mkaa, na abiria anayeketi upande kwenye keria.

Uchunguzi wa shirika la IFC uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa na thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, ukiwa na zaidi ya biashara 2,000. Sehemu ya bidhaa hizo husafiri hatua zake za mwisho juu ya magurudumu mawili. Chini ya mti, fundi akiwa na pampu, spana na karai la maji hutafuta tundu kwenye tyubu iliyozibwa mara nyingi hata viraka vimepandana. Anajua mwiba upi huvunjikia ndani na jinsi ya kuutoa.

Wanaoisukuma Black Mamba mchangani ikiwa na gunia la kilo 50 wana miguu ambayo kocha yeyote angeitamani. Tumeshaona Kakuma ikitoa wanamichezo. Katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, watano kati ya kumi walitoka Kakuma, wote wakimbiaji, wakiwa chini ya Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi, kule barabara hii inakoanza kushuka. Timu hiyo imeshapeleka waendesha baiskeli pia: Masomah Ali Zada, Mwafghanistani, alishiriki Tokyo, na Eyeru Gebru wa Tigray alishiriki Paris mwaka 2024. Biniam Girmay wa Eritrea ameshinda jezi ya kijani ya Tour de France. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Mchezo umefika mlangoni mwetu.

Karatasi njiani

Kuna jambo moja ambalo upepo hauwezi kulisukuma. Wakoloni waliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala kutoka ila kwa kibali. Ndiyo sababu Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kuhukumiwa Kapenguria Aprili 1953, walipelekwa Lokitaung, na Kenyatta akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Jangwa lilikuwa ukuta wa gereza.

Ukuta ule ulianguka kwa raia. Kwa mkimbizi bado upo. Anayeishi Kakuma anahitaji kibali cha safari ili kutoka eneo alilopangiwa, hata kama anakwenda Lodwar tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaahidi kuifanya kambi kuwa mji ambamo mwenyeji na mkimbizi wanapata huduma pamoja. Ahadi hiyo inaweza kupimwa barabarani kirahisi.

Turkana haihitaji kuomba mashindano kutoka nje. Mbio za Lodwar hadi Kakuma, alfajiri, upepo mgongoni, vituo vya maji kila kilometa 20, na kundi la Black Mamba likiwa na zawadi sawa na kundi la baiskeli za gia: hilo kaunti inaweza kulifanya bila kujenga uwanja wowote. Bega la barabara lifagiliwe miiba. Malori yasimamishwe kwa saa chache. Lami ipo, na waendeshaji wapo tayari tangu zamani. Kilichobaki ni sahihi ya ofisa kwenye kibali, na sahihi hiyo ndiyo itakayoamua kama mbio hizo zitakuwa za Turkana nzima au za wageni wenye baiskeli za bei kubwa.