Njombe na Makambako: Hesabu ya Siku Humwepusha Mkulima wa Mboga na Hasara ya Baridi

Na Mwandishi Wetu, Njombe

Wakulima wa mboga na viazi mviringo mkoani Njombe wana msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba na kumalizika kati ya Aprili na Mei. Mvua zinapokoma huingia kipupwe, na kati ya Juni na Agosti baadhi ya maeneo hupata sakitu, yaani umande unaoganda juu ya majani. Zao lisilokomaa linaweza kuungua kwa usiku mmoja, na gharama za mbegu, mbolea na vibarua zikapotea pamoja nalo. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kupanda ina uzito sawa na uchaguzi wa mbegu.

Baridi haifanani kila mahali

Mji wa Njombe upo takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Makambako ipo chini ya mita 1,700. Kwa kawaida joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Tofauti ya miji hiyo miwili ni ya nyuzi moja au zaidi kidogo, lakini ikijumlishwa kwa miezi mitatu huchelewesha ukomaaji wa mazao. Hivyo, mkulima wa Njombe hashauriwi kunakili tarehe za mwenzake wa Makambako.

Hata ndani ya kijiji kimoja hali hutofautiana. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutelemka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana shamba la bondeni huweza kuungua wakati lile la mteremkoni limesalimika.

Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Njia rahisi ni kuanza na tarehe ambayo baridi kali hutarajiwa, kisha kutoa siku za kukomaa kwa zao. Kwa mfano, viazi vinavyohitaji siku 120 vikitakiwa kuwa tayari Juni 1, sharti vipandwe ifikapo Februari 1. Aina inayokomaa kwa siku 90 inaweza kupandwa hadi mwanzoni mwa Machi. Kwa kabichi, ziongezwe wiki nne hadi sita za kitaluni.

Hata hivyo, kuwahi sana nako kuna athari zake. Viazi vinavyokua katika kilele cha mvua hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa ukungu wa majani, hivyo mkulima anapaswa kukagua shamba mara kwa mara na kuzingatia ushauri wa matumizi ya viuatilifu.

Uchaguzi wa zao pia ni muhimu. Nyanya, maharage, maboga, pilipili hoho na viazi mviringo havivumilii sakitu. Kabichi, karoti, vitunguu na sukuma wiki huhimili baridi kiasi. Njegere nazo huhimili zikiwa changa, lakini maua yake huharibika.

Kilimo cha vinyungu

Wakati wa kiangazi wananchi wengi hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu. Kwa kuwa mabonde ndiyo hupata sakitu zaidi, mazao laini yapandwe baada ya baridi kali kupungua, na miche ifunikwe kwa nyasi jioni na kufunuliwa asubuhi. Wananchi wanakumbushwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Soko nalo lihesabiwe

Makambako ni makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na ile ya Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Pamoja na urahisi huo wa usafiri, mazao yanayoiva kwa wakati mmoja hushusha bei. Mkulima anaweza kugawa shamba na kupanda kwa awamu za wiki mbili mbili, mradi awamu ya mwisho isivuke tarehe aliyoihesabu.

Wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kuandika kila mwaka tarehe ambayo sakitu ya kwanza imeonekana mashambani mwao, na kuwasiliana na afisa ugani wa kata kabla ya kununua mbegu.