Denti, mwaga moyo kwenye kompyuta!

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize: ulipokuwa sekondari, riwaya za fasihi ulizisoma zenyewe, au ulimeza madesa ya washikaji? Usinijibu, jibu ninalo! Mimi nafundisha tuisheni ya Kiswahili hapa Dar, na madesa nayaona kila siku. Denti anakutajia dhamira 6 za Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo, bila kupumua. Muulize sasa, "Zita alikugusa wapi?" Anakutumbulia macho!

Ndipo nikaanzisha daftari la msomaji, tena kwenye kompyuta. Kila denti ana faili lake. Akimaliza sura anaandika tarehe, ukurasa, jambo moja lililomgusa na swali moja ambalo angependa kumuuliza mwandishi. Mistari 10 inatosha. Mimi najibu chini yake kama barua. Sisahihishi wala sitoi maksi.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Louise Rosenblatt alishaandika tangu 1938 kwamba maana ya kitabu haikai kwenye karatasi peke yake, bali huzaliwa pale msomaji na maandishi wanapokutana.

Utasema, si waandike kwenye daftari la kawaida? Waandike, nani kawakataza! Ila kompyuta ina raha zake. Denti anafuta na kurudia bila kuchafua ukurasa. Akimaliza Takadini ya Ben Hanson, anatafuta jina la Sekai, mama wa mtoto, na papo hapo anaona yote aliyosema juu yake, tangu alipomlaumu mpaka alipomwonea huruma.

Tatizo, kompyuta nayo ina mdomo! Mashine tunazo 2, denti 22. Binti mmoja, mkimya kupita maelezo, aliandika kwamba mama yake naye ni mama ntilie, na kwamba akiwa na wenzake akimwona anakuja na masufuria, huvuka barabara. Mvulana mmoja akalifungua faili lile na kulisoma kwa sauti. Darasa zima kicheko. Binti hakuonekana wiki 2.

Aliporudi hakumshitaki mtu. Aliomba kitu kimoja tu: kufuli. Na kufuli lipo! LibreOffice, programu ya bure kabisa, inakuruhusu kuweka neno la siri unapohifadhi faili. Sasa neno hilo tunalijua watu wawili tu, denti na mimi. Angalizo: mkilisahau wote, faili limekwenda na maji! Nakala nyingine weka kwenye flashi, maana umeme wetu mnaujua wenyewe.

Binti sasa ana kurasa 14. Swali lake la mwisho kwa mwandishi: kwa nini kitabu kimebeba jina la watoto, wakati anayebeba masufuria ni mama?

Hilo halimo kwenye madesa yoyote, bwana. Mwenye jibu anijuze!