Supamuni: kweli au uongo?

Jina hili ni la wanaastronomia. Uongo. Lilibuniwa mwaka 1979 na Richard Nolle, Mmarekani aliyekuwa akitabiri mambo ya watu kwa nyota. Kwake yeye, ni mwezi mpevu uliofika angalau asilimia 90 ya ukaribu wake wa mwisho na Dunia. Mwezi mpya pia aliuhesabu, ule usioonekana kabisa! Hiyo 90 haitokani na kanuni yoyote ya fizikia. Wanaastronomia wana neno lao, perijii, lenye asili ya Kigiriki: peri ni karibu, ge ni ardhi. Ndipo mahali ambapo Mwezi hutukaribia zaidi, kwa kuwa njia yake ni duaradufu. Umbali wake nasi hucheza kati ya kilomita 356,500 na 406,700 hivi.

Siku hiyo Mwezi huwa mkubwa ajabu. Hapa kuna kutiwa chumvi. Ile asilimia 14 inayotangazwa ni tofauti ya upana kati yake na mwezi mpevu ulio mbali kabisa, na hiyo miwili hakuna anayeiona usiku mmoja. Ukiulinganisha na mwezi mpevu wa kawaida, umezidi kwa asilimia 7 tu. Na lile duara jekundu linalochomoza baharini jua linapotua? Macho yanakudanganya, tena hivyo hivyo kila mwezi mpevu. Nyoosha mkono, ulifunike kwa ncha ya kidole cha mwisho. Rudia saa sita usiku, Mwezi ukiwa juu: kidole kitaufunika vile vile.

Maji hujaa zaidi. Kweli. Wavuvi wa pwani wanajua kwamba bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mpya; perijii huongeza sentimita kadhaa. Upepo mkali unaosukuma maji ufukweni unaweza kuongeza zaidi ya hizo.

Huleta matetemeko ya ardhi. Dai hili lilivuma baada ya tetemeko la Japani la Machi 11, 2011, kwa sababu supamuni ilikuwa mwezi huo huo. Tazama kalenda. Supamuni ilikuwa Machi 19. Siku ya tetemeko Mwezi ulikuwa haujafika hata nusu, na siku tano tu zilikuwa zimepita tangu uwe mbali kabisa na Dunia kwa mzunguko ule.